Mfuko Usio na Mdomo

Jioni ile alitoka nyumbani kwenda kununua lastiki tu. Lastiki ya kiunoni, ile pana. Sketi ya mdogo wake ilikuwa imekamilika kila kitu isipokuwa kiuno, na yeye hakuwa mtu wa kulala na kazi iliyobaki mezani.

Watoto wa mtaa walimwita Shangazi Mifuko. Riziki yake ilitoka kwenye duka la mikate, ambako alifunga mikate kuanzia alfajiri mpaka mikono ikanukia hamira hadi ndani ya kucha. Kushona kulikuwa starehe yake. Wengine hutazama mpira, wengine hukaa barazani wakasengenya, yeye alikaa dirishani na cherehani aliyoachiwa na mama yake, akashona mifuko ya kubebea vitu na sketi za kukata moja kwa moja, zile zisizo na mambo mengi. Akimaliza, anagawa. Ukienda kumsalimia mikono mitupu, unarudi na mfuko. Ukienda na mfuko, unarudi na miwili. Hapakuwa na nyumba mtaani iliyokosa mfuko wa mkono wake, umetundikwa nyuma ya mlango na vitunguu ndani.

Sketi hii ya leo ilikuwa ya Kitinda. Alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na jina likamganda mpaka ukubwani, mpaka kwenye ndoa. Mama alifariki Kitinda akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na Shangazi Mifuko ndiye aliyemlea. Mwenyewe hakujaliwa mtoto, na hilo alikuwa ameacha kulisemea. Sasa Kitinda alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limefika pale ambapo nguo zote zinagoma, na mtoto aliyekuwa njiani alisubiriwa na dada mtu kuliko hata na baba yake.

Dukani, Mzee Vifungo, muuza nyuzi na zipu, alikuwa anapima lastiki huku akimtania kama kawaida.

"Hii ni ya kiuno cha mtu au ya kufungia tembo?"

"Ya mdogo wangu. Nenda ukamwambie mwenyewe hiyo ya tembo kama una ubavu."

Mzee Vifungo alianza kucheka. Kisha akatazama mlangoni, na kicheko kikakatika katikati.

Pale nje, hatua moja kutoka kizingitini, alisimama bibi mmoja mwembamba, kapu mkononi. Hakuingia. Alisimama tu... na upepo ukaleta harufu yake ndani. Harufu ya nguo iliyoanikwa chumbani ikakataa kukauka.

Mzee Vifungo akakunja lastiki haraka haraka, akaipenyeza mkononi mwa mteja wake, na kabla hajapewa hata kwaheri akaanza kushusha mlango wa chuma. Saa zile watu bado wananunua.

"Shikamoo, bibi," Shangazi Mifuko alisalimia alipotoka.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni fundi?"

"Hapana, bibi. Nashona nyumbani tu, kujifurahisha."

"Hukufundishwa na fundi?"

"Nilifundishwa na mama."

"Vizuri," bibi alisema taratibu. "Vizuri sana."

Wakaongozana. Bibi alitembea nyuma kidogo, na viatu vyake havikutoa sauti. Njiani akaomba ashonewe mfuko. Shangazi Mifuko hakuona ajabu. Nusu ya mji ilishamwomba mfuko. Walipofika nyumbani akamkaribisha ndani, lakini bibi akakataa kwa kichwa. Alinyoosha tu kidole kupitia mlango uliokuwa wazi, akionyesha mabaki ya kitambaa chini ya cherehani.

"Kile pale. Cha maua."

"Hicho kimebaki kwenye sketi ya mdogo wangu, bibi. Ni kidogo mno. Ngoja nikutafutie kingine."

"Kinatosha. Uwe mdogo. Kiasi cha mto wa kulaza kichwa kimoja."

"Mikanda ya kubebea niweke mifupi au mirefu?"

"Usiweke."

"Zipu je?"

"Usiweke. Usiache mdomo. Shona pande zote nne."

Shangazi Mifuko akacheka kwa adabu. "Sasa bibi, nisipoacha hata tundu siwezi kuupindua. Pindo zote zitabaki nje."

"Acha zibaki nje."

"Na utaujazaje?"

Bibi alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo zuri.

"Utajaa wenyewe."

Basi akageuka akaondoka.

Wazee wana mambo yao, Shangazi Mifuko alijiambia. Alipokuwa anapenyeza lastiki, Kitinda akaja na mumewe. Shemeji, fundi wa mafriji, akapita kuelekea dukani, na dada wawili wakabaki. Kitinda akajaribu sketi, akajizungusha mbele ya kioo.

"Dada, humu ndani wanaingia watu watatu."

"Ndiyo maana nimekushonea wewe. Mmoja na nusu mmeshaingia, nafasi bado ipo."

Walicheka mpaka Kitinda akashika kiuno na kukaa. Dada mtu akarudi kwenye cherehani. Uzi uliokuwamo ulikuwa wa njano. Haukulingana na maua, lakini aliona uvivu kubadilisha. Akaweka vipande viwili pamoja, akaanza upande wa kwanza.

"Ee, leo ana fujo huyu," Kitinda alisema, mkono tumboni. "Njoo uone, anapiga mpira kabisa."

"Ngoja nimalize."

Upande wa pili. Upande wa tatu. Kwenye kila pembe alirudia mshono mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama alivyofundishwa na mama, ili pembe isije ikaachia. Cherehani ilikuwa nzito jioni ile. Ilivuta kitambaa kana kwamba kuna mtu upande wa pili anakivuta pia...

Akafunga upande wa nne. Akakata uzi.

"Kimya," Kitinda alisema. "Ghafla tu. Nadhani kalala."

Kesho yake, jua likizama, bibi alikuja kuchukua mfuko wake. Alipitisha kidole kwenye kingo zote, polepole, akasimama kwenye kila pembe.

"Umerudia kwenye pembe?"

"Nimerudia, bibi."

"Una mkono mzuri. Mshono huu hauachii."

Akautia mfuko kapuni, juu ya vitu vingine ambavyo Shangazi Mifuko hakuviona vizuri.

*

Siku ya kujifungua ilifika, ikapita.

Mwanzoni walitania. Shemeji alisema mtoto ameona bei za vitu, ameahirisha. Kliniki wakasema mimba ya kwanza huchelewa, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na hakuna lililobadilika. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, na Kitinda alianza kuongea kidogo kuliko kawaida yake.

Mchana mmoja Shangazi Mifuko alimkuta ameketi kitandani, kaganda, anasikiliza.

"Anacheza?" aliuliza.

"Hachezi, dada." Kitinda alinong'ona kana kwamba anaogopa kusikiwa. "Anachoma."

"Anachoma vipi?"

"Kama sindano. Inaingia... inatoka. Inaingia... inatoka. Inazunguka pembeni kote."

Shangazi Mifuko akaweka sikio kwenye tumbo la mdogo wake. Hakusikia moyo wa mtoto. Alisikia sauti nyingine, ya mbali, iliyofifia, sauti ambayo aliijua kuliko sauti yake mwenyewe.

Taka-taka-taka-taka...

Kisha kimya. Kisha tena, kwa kurudi nyuma.

Taka-taka.

Akainua kichwa. Akamwambia mdogo wake avae viatu, wanakwenda hospitali sasa hivi.

Shemeji akawakuta hospitali, na Kitinda akapigwa picha ya tumbo. Mtoto alionekana, kichwa chini, moyo unadunda, na muuguzi akawageuzia kioo cha mashine ili nao wamwone. Shangazi Mifuko alilia kwa furaha mbele za watu. Kitinda akapewa dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu haukuja. Akaongezewa. Haukuja. Mkunga mtu mzima alimpima, akatoka nje ya pazia amekunja uso, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona. Hakuna njia. Hata ya kupitisha kidole.

Wakaamua kumpasua usiku ule ule.

Shangazi Mifuko na shemeji walikaa kwenye benchi la ukumbini. Shemeji alikuwa amebeba begi la nguo za mtoto, amelipakata. Watu waliingia na kutoka. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na dirisha dogo la kioo cha ukungu, na nyuma yake vivuli vilikuwa vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi... kisha vyote vikasimama.

Vilisimama muda mrefu.

Daktari alitoka akiwa na kofia yake bado kichwani. Alikuwa mwanamke wa makamo, na alionekana amezeeka tangu alipoingia.

"Huyu mgonjwa aliwahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana," Shangazi Mifuko alijibu. "Hajawahi kushonwa hata kidole."

"Una hakika, mama?"

"Nimemlea mimi."

Daktari akawatazama wote wawili. "Kwenye mfuko kuna mshono."

"Mfuko gani?"

"Mfuko wa uzazi. Umeshonwa kuuzunguka wote. Sio mshono wa hospitali, hatushoni hivyo. Mkasi haukuukata. Ilibidi tupite kando yake." Alikuwa ameshika kibakuli cha chuma. Akakiinamisha. "Hii ilikuwa inaning'inia."

Ncha ya uzi. Fupi kama ukucha. Imelowa, lakini rangi yake ilionekana vizuri.

Ya njano.

Shangazi Mifuko alishika ukuta.

"Na mtoto?" shemeji aliuliza. Hakutazama uzi. Hakujali habari za uzi. "Mtoto yuko wapi, daktari?"

Daktari alivua kofia yake.

"Mfuko ulikuwa mtupu."

Yaliyofuata yalikuwa kelele. Shemeji alipiga mlango kwa mabega, akawaita walinzi wezi, akawaita madaktari wezi, akatupa begi na visoksi vikatapakaa ukumbini. Alikuwa amemwona mwanawe kwenye kioo mchana ule ule kwa macho yake. Nani angemlaumu? Shangazi Mifuko alipiga magoti akaokota visoksi kimoja kimoja. Angesema nini? Aanzie wapi?

Kitinda alipozinduka aliuliza swali moja.

"Wamemlaza wapi, dada?"

*

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Vifungo. Duka lilikuwa tupu. Mzee alipomwona uso tu, akaacha alichokuwa anafanya.

"Ulimshonea," alisema.

"Yule bibi ni nani?"

"Sijui jina lake. Hakuna anayelijua." Alizungumza akiwa ametazama vifungo vyake. "Mafundi wote wa barabara hii wanamfahamu. Baba zao walimfahamu. Anaomba mfuko usio na mdomo, wanamfukuza. Kwa hiyo siku hizi haendi kwa mafundi. Anatafuta wanaoshona kwa kujifurahisha. Wasioambiwa."

"Na wewe uliona ananisubiri mlangoni!"

"Niliona."

"Ukafunga duka!"

"Ningesemaje mbele yake, mama? Nina binti mjamzito na mimi." Mzee alisogeza kopo la vifungo. "Nilimwogopea wangu."

Alitaka kumrukia. Alitaka kumwaga makopo yote ya vifungo barabarani. Lakini hasira inahitaji nguvu, na zake zilikuwa zimebaki kidogo.

"Nitampata wapi?"

"Nyuma ya maduka ya vitambaa. Pale wanapotupa vipande. Jua likianza kulala huwa anachagua."

Alimkuta. Hakujificha hata kidogo. Alikuwa ameketi juu ya lundo la vipande vya nguo vya kila rangi, kapu limekaa mapajani, na ile harufu ya unyevu ilikuwa nzito kiasi cha kuweza kuilamba. Barabara ilikuwa mita chache tu kutoka hapo. Watu wanapita, pikipiki zinapiga honi. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Kapu lilikuwa wazi. Humo ndani kulikuwa na mifuko. Midogo, ya vitambaa mbalimbali, mingine imepauka mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Kila mmoja na mkono wake wa mshono. Huyu alishona kwa haraka, huyu kwa kutetemeka, huyu alikuwa hodari kweli. Yote pindo nje. Yote haina mdomo. Ilikuwa imelala bapa, kimya, kama nguo zilizokunjwa.

Ule wa juu, wa maua na uzi wa njano, ulikuwa umejaa.

Ulikuwa unapanda... na kushuka. Unapanda... na kushuka.

"Nipe," Shangazi Mifuko alinong'ona.

Bibi aliingiza mkono chini kabisa ya kapu, akatoa mfuko mmoja uliolika mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Wa kwanza ni wangu," alisema. "Nilikuwa msichana. Angezaliwa, baba yangu angeniua. Mtu akanifundisha kushona hivi, ili asitoke. Nilidhani nitafumua baadaye, mambo yakitulia." Alipapasa ule mfuko kwa kidole gumba. "Hapendi kukaa peke yake. Analia. Nikimletea mwenzake, ananyamaza kwa muda."

"Bibi, huyu ana mama. Mama yake anamlilia."

"Wote wana mama."

Shangazi Mifuko akaunyakua mfuko wa maua. Alitegemea vita. Alitegemea kucha, kelele, laana. Bibi hakuinua hata mkono.

"Uzi ni mmoja, mwanangu. Ulio humu ndio ulio kwa mama yake. Ukifumua huku, na kule kunafumuka." Kisha, kwa upole kabisa: "Chukua. Utarudi."

*

Mfuko ulikuwa na joto. Alikimbia nao kifuani mpaka nyumbani, akafunga mlango, akauweka juu ya meza ya cherehani. Kilichokuwa ndani kilijikunyata. Kupitia kwenye kitambaa aliona umbo la kisigino, dogo kama punje ya hindi la kuchemsha, likisukuma, likirudi.

Kisha kikalia. Sauti ilikuwa ndogo, imezibwa, kama ya mtoto anayelia nyumba ya tatu kutoka hapo.

"Nakutoa," alimwambia. "Nakutoa sasa hivi, mwanangu. Vumilia."

Maneno ya yule bibi alikuwa ameyasikia. Hakuyaamini, au hakutaka kuyaamini. Mchawi atakwambia lolote. Akachukua kifumulio, kile chenye ncha kali, akakipenyeza chini ya mshono wa kwanza. Akainua. Uzi ukakatika kirahisi tu.

Simu ikaita.

Shemeji. "Dada, njoo! Kidonda kimeanza kuvuja damu, hivi hivi tu, alikuwa amelala!"

"Daktari yupo?"

"Wapo hapa wote, hawaelewi..."

Mkono wake ulikuwa bado umeshika kifumulio. Mtoto alikuwa bado analia. Labda imetokea tu. Labda ni kidonda kibaya, madaktari wapo, watakishughulikia, na huyu hapa amebakiza uzi tu kati yake na hewa. Akakata wa pili.

Kilio cha Kitinda kilitoka kwenye simu kikajaza chumba.

Shangazi Mifuko akatupa kifumulio. Akatafuta sindano ya mkono, akaipata, uzi ukakataa kuingia, akaulamba, ukakataa, ukaingia. Akashona. Mishono miwili aliyoikata akairudishia, moja, mbili, akakaza fundo, huku machozi yanalowesha maua na mtoto anapiga mateke chini ya vidole vyake.

"Imekata," shemeji alisema upande wa pili, anahema. "Dada... damu imekata yenyewe."

Mtoto naye akanyamaza. Kama mtu aliyeelewa.

*

Kitinda aliruhusiwa kutoka, akaletwa kwa dada yake auguzwe. Shemeji alimfikisha, akambusu kipaji, akaondoka. Kila siku alikwenda kusimama kwenye lango la hospitali na picha ya kile kioo kwenye simu, akimwonyesha kila atakayekubali kutazama. Alikonda. Akaacha kunyoa ndevu. Shangazi Mifuko alitaka kumwambia ukweli mara nyingi, na kila mara alimwona kwa mawazo akilikimbilia lile fundo la uzi kwa mkasi, maana baba gani asingefanya hivyo? Akanyamaza.

Mfuko aliuweka kwenye kikapu cha vipande vya nguo, chini ya meza. Akitoka kazini anakimbia. Alijaribu kuudondoshea maziwa kwa pamba, kitambaa kikayanywa, hakujua yalikofika. Akaupakata, akauimbia zile nyimbo alizomwimbia Kitinda. Mtoto alikuwa hai. Hilo ndilo lililomtesa. Alikuwa hai, na alikuwa anakua.

Pindo zilianza kukaza. Kitambaa cha pamba hakikuwa cha kuvutika, na yeye ndiye aliyekata kidogo, kiasi cha kichwa kimoja. Kila baada ya siku chache aliona uzi wa njano umevutika mahali fulani, unakaribia kukatika, na siku hizo ndizo Kitinda alizoamka amejikunja, mkono kwenye kidonda. Basi Shangazi Mifuko alichukua sindano, akaongeza mstari mwingine wa mshono juu ya ule wa zamani. Kila alipochoma, kilichokuwa ndani kilisogea kukwepa ncha. Alijua anachokifanya. Alikuwa anamshona mtoto wa mdogo wake ili mdogo wake aishi. Na mfuko ukizidi kubana, ipo siku hata mishono kumi haitasaidia, na siku hiyo watakwenda wote wawili. Au atamrudisha kapuni, mahali anapopata wenzake.

Aliwaza hilo. Mungu amsamehe, aliwaza hilo zaidi ya mara moja.

Mafundi hawakumsaidia. Wa kwanza alimfukuza kabla hajamaliza kusema. Wa pili alilia, akamwambia hajui, hakuna anayejua, na akamwomba asirudi tena na kile kitu dukani kwake.

Alasiri moja aliwahi kutoka kazini. Mlangoni alisimama.

Nyumba ilikuwa na utulivu ambao hakuwa ameusikia muda mrefu. Hakuna kilio. Hakuna kuguna kwa Kitinda kitandani. Kulikuwa na kuimba tu, chini chini, bila maneno.

Alimkuta mdogo wake ameketi kwenye kiti cha dirishani, amevaa ile sketi ya maua. Alikuwa amejipatia mwenyewe kile kilichokuwa kikapuni. Amekilaza kifuani, shavu lake limeegemea kitambaa, anajisogeza mbele na nyuma. Mbele ya blauzi yake kulikuwa na madoa mawili ya maziwa, yakipanuka polepole.

"Kitinda." Alinyoosha mkono. "Hivyo ni vipande vya nguo tu. Nipe, nirudishe."

"Nimeusikia mfuko wako unalia, dada." Kitinda hakuinua macho. Alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Nilidhani nimechanganyikiwa. Halafu nikaugusa, ukanyamaza."

"Nipe, mdogo wangu. Tafadhali."

"Ngoja kidogo. Acha nimbembeleze kwanza, alale."

Hakusema ‘niubembeleze’.

Shangazi Mifuko alichukua sindano mezani, akasogea hatua moja. Kitinda akageuza bega, akaukinga mfuko kama mama yeyote anavyokinga kilicho chake, na kwenye ukingo wa chini, katikati ya mistari yote ile ya njano, mshono mmoja ukaachia.

Tap.

"Aah," Kitinda alisema, akijishika tumbo kidogo. "Kimenichoma."

Akaendelea kubembeleza. Na dada yake alisimama katikati ya chumba, sindano mkononi, akitazama doa dogo jekundu likijitokeza taratibu kwenye kiuno cha sketi.